Bega Lisilouma

Fundi alipoulizwa anaumwa wapi, alijibu begani. Ulikuwa uongo mtupu, na aliusema bila kupepesa macho huku kiuno chake kikiwaka moto.

"Bega lipi?" aliuliza Mkandaji, mwanamke mfupi aliyekunja mikono ya shati hadi juu ya viwiko.

"La kulia. Kazi ya randa, dada yangu. Unajua tena."

Bega kwa seremala ni ugonjwa wa heshima, hakuna anayeushangaa. Kiuno ndicho kilichokuwa siri, na Fundi alikuwa ameapa kwenda nayo kaburini. Mkandaji huyuhuyu ndiye aliyekuwa akimkanda mke wake kila Jumatano, na wanawake wawili wakikaa chumba kimoja saa nzima, siri ya mwanamume haitoki salama.

Mkewe watu walimwita Kamanda. Jina alilipata alipokuwa akisimamia jiko la shule ya bweni, na hata ajali ilipomnyima miguu, cheo hakikushuka. Aliiamrisha nyumba akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Kila asubuhi Fundi alimnyanyua kitandani akamweka kitini, na kila usiku akamrudisha. Kazi hiyo hakumwachia mtu. Kaka yake Kamanda, mtu mwenye gari na nyumba ya vyumba vingi, alishasema wazi mbele ya familia: "Shemeji, nakuheshimu sana. Ila siku utakayoshindwa kumbeba dada yangu, nakuja kumchukua. Kwangu wapo watu wa kumhudumia." Alisema kwa nia njema, na hapo ndipo Fundi aliposhikwa pabaya. Mtu wa nia mbaya angalau unamfukuza.

Kwa hiyo kiuno kilipoanza vituko, Fundi alikaza meno akanyamaza. Jumatano hii Kamanda akadai ana mafua, hawezi kulala kifudifudi. "Nenda wewe, zamu isipotee," alimwambia. "Umeanza kupinda kama msumari wa zamani." Fundi akaenda. Nani ambishie Kamanda?

"Umekula?" Mkandaji alimuuliza akitandika taulo.

"Kidogo tu." Alikuwa amefuta sahani mbili.

"Siku nyingine uje tumbo likiwa jepesi. Haya, lala, uso uingize kwenye tundu hilo la kitanda. Nikikandamiza sana, sema. Nikigusa panapouma, sema. Na usizuie pumzi. Mtu akizuia pumzi mwili unajifunga, mimi nabaki kubisha hodi nje."

"Sawa," alisema Fundi kutoka ndani ya tundu.

Bega lile lilikandwa, lisilo na kosa wala shida. Mafuta yalipashwa moto viganjani, vidole gumba vikafuata msuli mmoja mmoja, na bega likastarehe kama mgeni wa heshima huku kiuno kikikaa kwenye foleni bila kuitwa. Mara moja tu mkono wa Mkandaji ulishuka chini. Fundi akashtuka, akabana pumzi.

"Hapa vipi?"

"Hapo hamna kitu."

Mkono ukakaa palepale kidogo, kisha ukarudi begani. "Haya," alisema Mkandaji, kwa sauti ya mtu anayeambiwa kuna jua huku ameshika mwavuli. "Ukifika nyumbani unywe maji. Na leo usibebe kitu kizito."

Usiku ule Fundi alimbeba mkewe kama kawaida.

Asubuhi alipitisha mkono mmoja chini ya magoti ya Kamanda na mwingine mgongoni, akavuta pumzi, akanyanyua. Katikati ya kitanda na kiti, kiuno kikagoma. Akasimama na mke wake mikononi, mbele hawezi, nyuma hawezi, jasho likimchuruzika hadi kidevuni. Aliogopa. Hakuwahi kuogopa hivyo, hata siku ile ya ajali ya mkewe, alipoitwa hospitali.

"Nirudishe kitandani," alisema Kamanda taratibu.

"Siwezi."

"Basi anguka. Kitanda kiko nyuma ya goti lako. Anguka na mimi."

Wakaanguka. Godoro likalia, mto ukaruka hadi mlangoni, na wote wawili wakabaki chali wakitazama dari.

"Bega, eti?" Kamanda akauliza.

Fundi aliendelea kuhesabu mbao za dari.

"Mume wangu, kila asubuhi sikio langu liko kifuani kwako. Unadhani sisikii unavyobana pumzi? Nimesikia tangu mwanzo. Mimi nilikuwa na mafua gani jana?"

"Kaka yako akijua..."

"Usinitajie kaka yangu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ulitaka kikuumbue mimi nikiwa mikononi mwako?"

Hilo lilimchoma Fundi kuliko kiuno. Akageuza uso ukutani, machozi yakamtoka, na Kamanda akamwacha alie.

Ilibidi waitwe jirani na binti yake wamsaidie Kamanda kukaa kitini. Jirani huyo alikuwa na mkono mwepesi wa kusaidia na mdomo mwepesi zaidi, kwa hiyo wote walijua habari itamfikia nani. Kamanda hakungoja. Alimwagiza jirani awatafutie usafiri, na kabla ya mchana wakaingia kwa Mkandaji, yeye mbele akisukuma magurudumu kwa mikono yake, Fundi nyuma akitembea kama aliyemeza rula.

"Karibuni. Bega linaendeleaje?" Mkandaji alisema, na wanawake wale wakacheka mpaka Fundi akaona aibu.

"Si nilikuambia?" Kamanda alimwambia Mkandaji. "Nilikuambia huyu atakuja na bega, usibishane naye."

"Sasa dada," Fundi alimgeukia Mkandaji, "kama ulijua, mbona hukunikanda kiuno?"

"Wewe mwenyewe uliniambia hamna kitu. Kiuno cha mtu hakikandwi kwa kubahatisha, huenda ndani mna jambo la daktari. Mwenye mwili asiposema, mimi nakanda shati." Akafuta kicheko usoni. "Haya, tuanze upya. Unaumwa wapi?"

Fundi alimtazama mkewe. Kamanda akamkazia macho.

"Kiuno," alisema. "Upande wa kushoto. Asubuhi ndiyo mbaya. Nikiinama kuvaa viatu nauma kitambaa." Maneno yalipopata njia yalitoka yote, hadi yale ambayo hakuwa amejiambia mwenyewe: kwamba alikuwa anaogopa kulala kwa sababu ya kuamka.

Mkandaji akamuuliza kama mguu unakufa ganzi, kama haja ndogo inamsumbua, kama alianguka mahali. Hapana, hapana, hapana. "Vizuri. Ingekuwa ndiyo, ningekupeleka kwa daktari kabla sijakugusa. Lala."

Safari hii kazi ilikuwa ya watu wawili. Vidole vilikwenda, Fundi akatoa taarifa: hapo kidogo, hapo hamna, punguza, ndiyo. Vilipofika penyewe alipiga ukelele wa "Hapo!" uliosikika hadi barabarani, na Kamanda akaitikia, "Kumbe mdomo anao!"

"Pumua," alisema Mkandaji. "Taratibu. Toa yote." Fundi akaitoa yote, na msuli uliokuwa mgumu kama kamba iliyolowa mvua ukaanza kulegea.

Alipoketi akinywa maji, Mkandaji alimwambia kweli bila sukari. "Mikono yangu imekupa nafuu ya leo. Ukienda kumnyanyua vilevile, tutaonana humu mpaka nistaafu."

"Nataka ubao," alisema Kamanda.

"Ubao wa nini?" Fundi akauliza.

"Ubao laini, huku kitanda, huku kiti, niteleze mwenyewe. Kwenye mazoezi ya viungo hospitalini nawaona wenzangu wanao. Mikono ninayo, tazama." Akakunja mkono, na kweli, ulikuwa mkono wa mtu anayesukuma magurudumu kutwa. "Nimeolewa na seremala, halafu nabebwa kama gunia. Nilikuwa nangoja uuseme wewe."

Fundi aliinamisha kichwa. Alikuwa ametengenezea milango nusu ya mtaa, na ubao mmoja wa mkewe hakuuwaza, kwa sababu hakutaka kuuwaza. "Sasa mimi nitabaki na kazi gani?" aliuliza.

"Utanikumbatia bila kunibeba," alisema Kamanda. "Au umesahau kwamba inawezekana?"

Ubao aliutoa kwenye mbao ngumu aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mlango wa mteja. Aliuchonga ncha ziwe nyembamba, akaviringisha kingo, akapiga msasa mpaka kitambaa cha hariri kisingenasa. Alifanya kazi ameketi, akipumzika kila kiuno kilipomwambia apumzike.

Shemeji yake, yule kaka wa Kamanda, alikuja asubuhi moja, gari likiwa tupu nyuma kwa ajili ya mizigo. Alimkuta dada yake bado kitandani.

"Nimesikia mlianguka," alisema. "Shemeji, niambie ukweli. Humwezi tena?"

Lile ndilo swali ambalo Fundi alikuwa amelikimbia kwa uongo wa kila aina. "Simwezi," alisema. "Kiuno kimekataa. Simbebi tena."

Shemeji akafungua kinywa, lakini Kamanda alishamwahi. Aliuweka ubao, akaegemea mikono, akajivuta kidogo, tena kidogo, uso umekunjamana, mpaka akatua kitini kwa kishindo. Akaachia breki.

"Kaka, chai iko jikoni," alisema akihema. "Nakuandalia mimi. Hapa habebwi mtu."

Shemeji alikunywa vikombe viwili, akaugeuzageuza ule ubao magotini, kisha akaondoka na gari lake tupu.

Mlango ulipofungwa, Fundi alisimama hajui pa kuweka mikono. Kisha akapiga goti, polepole, kama alivyofundishwa na Mkandaji, akamkumbatia mkewe palepale kitini. Walikaa hivyo muda mrefu. Hakuna aliyekuwa anakwenda popote.

"Kiuno?" Kamanda akauliza.

"Kinauma."

"Wapi?"

Fundi akaushika mkono wa mkewe, akauweka mahali penyewe.