Shingo ya Mbeba Kokoto

Kazi yangu kwa Fundi ilikuwa kukanda udongo na kuifunika sanamu kwa magunia yaliyolowa ili isipasuke. Kuongea hakukuwemo kwenye kazi hiyo, nami nilishukuru.

Sanamu ilikuwa ya mwanamke aliyejitwisha karai la kokoto. Zahanati yetu ilijengwa na wanawake waliopandisha kokoto kutoka mtoni mpaka kilimani, na wakazi ndio walioomba wanawake hao wakumbukwe. Fundi akaletwa kutoka mbali. Kati ya wote waliobeba, aliyebaki hai ni bibi yangu.

Siku moja kabla ya kuimwagia plasta, Fundi alifungua mlango watu waje waseme, maana baada ya plasta hakuna kurekebisha. Mwenyekiti wa kijiji alisema imetulia. Mwalimu akasema yule mama anatia huruma, alivyoinamisha kichwa akitazama chini. Bibi alizunguka mara mbili, mikono mgongoni, akamwambia Fundi, "Nzuri, baba. Mungu akubarikie mikono."

Tulipofika nyumbani alikaa kitandani akaanza kucheka.

"Unacheka nini, Bibi?"

"Yule mwanamke. Kwa kichwa kile, kokoto zote si zingemwagikia miguuni? Msimamizi angemfukuza kabla ya saa nne."

"Mbona hukumwambia?"

"Mtu wa watu kahangaika miezi mitatu, nimvunje moyo?" Kisha akaacha kucheka. "Ila watoto watapita pale wadhani tulikuwa tunalia njia nzima. Sisi tulikuwa tunatazama mbele na kusengenya watu."

Sikupata raha. Ile shingo nilikuwa nimeiona tangu wiki ya pili. Nimebeba maji kichwani tangu nilipoacha shule, darasa la nne. Lakini Fundi amesoma chuo, nikajiambia labda sanamu zina taratibu zake.

Asubuhi nilimkuta anapima plasta kwenye ndoo. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu.

"Leo umemeza nini?" akauliza.

Nikatoka nje. Kulikuwa na rundo la kokoto za kujengea msingi wa sanamu. Nikajaza karai, nikasokota kitambaa changu cha kichwani kikawa ngata, nikajitwisha. Niliingia, nikatembea kutoka mlangoni hadi dirishani bila kuangusha hata moja. Kisha nikasimama mbele ya sanamu, nikainamisha kichwa kama yake.

Kokoto zilimwagika sakafuni, nyingine zikaishia kwenye ndoo ya plasta.

Fundi aliitazama ndoo, akanitazama mimi, akaitazama ile shingo. Akakaa.

"Umeliona lini hili?"

"Wiki ya pili."

"Wiki ya pili." Alijipangusa uso, plasta ikabaki puani. "Na bibi yako?"

"Jana. Alikuonea huruma."

"Bora angenitukana."

Nikadhani ndio mwisho wa kazi yangu. Nikaanza kuokota kokoto.

"Acha hizo," alisema. "Njoo ushike kichwa. Mikono miwili, kisitudondokee."

Alikwangua udongo wa shingoni mpaka nondo ya ndani ikaonekana, akaivuta nyuma taratibu. Kichwa kilikuwa kizito na cha baridi, nami nimekikumbatia kifuani, uso wa yule mwanamke umegusana na wangu. Kilipokaa wima, Fundi alijaza udongo mpya shingoni. Kila mara alinigeukia kuangalia yangu, nami kwa mara ya kwanza sikuficha uso.

"Kuna lingine?" akauliza, macho yakiwa kwenye kazi.

Nilitaka kusema hapana.

"Lipo," nikasema. "Vidole vya miguu. Umevilaza kama vya mtu aliyesinzia. Ukiwa unatazama mbele, vidole ndivyo vinavyotafuta njia."

Fundi akapiga magoti miguuni pa sanamu.

"Vinatafutaje?"

Nikavua kandambili.