Wembe wa Baba Mkwe

Mume wangu Bartolomeo nampenda, lakini kwa ubishi huyo mtu ni balaa. Mwaka wa tisini na tano mwanetu Gelasius alipata mtoto wa kiume, akataka kumpa jina la babu yake mwenyewe, Optatus, baba wa mume wangu, kama tunavyofanya sisi Wapimbwe hapa Usevya. Bartolomeo akakataa katakata. "Jina la mtu aliyetutupa haliingii nyumbani kwangu." Basi mtoto wa watu akawa anaitwa "huyu" tu, na mkamwana wangu analia jikoni.

Optatus aliondoka wakati wa vita ya Hitla kwenda kukata mkonge Tanga, akapotelea huko. Bartolomeo alikuwa anatambaa. Mama yake, Bibi Josefina, alimkuza akimwambia baba aliacha wembe wa kukunja tu, na baada ya hapo hakutuma hata chumvi.

Sasa kwa hasira za jina, mume wangu akauchukua ule wembe kwenda kumpa Masunga, rafiki yake, kinyozi wa Mpanda mjini anayekusanya nyembe za kale. Nikamfuata, maana namjua.

"Leo Mpimbwe hajaja kulalamika kwamba ng'ombe wetu wamekula mpunga," Masunga alimtania, akaupokea. Msukuma yule kwa maneno humwezi, lakini akishika wembe hutulia. Akagonga mpini kwa ukucha. "Zile kongwe hasa mpini ni pembe au mfupa. Huu ni plastiki." Akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa na jivu, akasugua kutu pale karibu na pini, ambapo kiwanda hupiga muhuri. Herufi zikatokea moja moja: Pakistan.

"Mzee wako aliondoka lini?"

"Si nimekwambia, vita ilikuwa haijaisha."

"Basi hakuuacha yeye. Nchi yenye jina hili imezaliwa mwaka wa arobaini na saba. Huu umetengenezwa baadaye, ukaletwa."

Mume wangu akakaa kwenye kiti cha wateja. Njia nzima ya kurudi, juu ya lori la mpunga, aliukunja na kuukunjua ule wembe, na mimi ninayejulikana kwa mdomo nikamwacha. Nilimwonea huruma.

Tulimkuta Bibi Josefina anapeta mchele. Bartolomeo akauweka wembe mbele yake. "Mama, huu uliletwa lini?"

Bibi akaweka ungo chini. "Ulikuwa umetoka kupata kipaimara. Aliuleta mtu wa Kasansa aliyekuwa naye kwenye mkonge. Alisema baba yako anakununulia mapema, ndevu zikiota usiazime wembe wa watu."

"Na ukaniambia aliuacha."

"Ningekwambia yupo, ungemfuata. Mimi ningebaki na nani?"

Nilijiandaa kwa ugomvi, maana nyumba hii naijua. Bartolomeo akauliza taratibu, "Alisema nini kingine?"

"Kwamba baba yako anauliza kama unafanana naye."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu, mwanangu." Bibi akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Mume wangu akasimama, akaingia ndani, akatoka na mtoto. Akamlaza mapajani mwa Bibi, akamfunua uso vizuri.

"Mtazame Optatus," alisema. "Halafu umjibu."