Rangi Iliyokataa Kushika

Jina la Akuwam sitaki hata kulisikia, lakini nitalitaja. Ndiye mama wa Kiturkana aliyekuwa akituuzia kuni hapa kambini Kakuma, na mwaka wa tisini na sita alikubali kunifundisha kutia rangi majani ya mkoma ya kusukia vikapu. Tulichubua magome ya mgunga, tukayaponda, tukayachemsha mpaka maji yakaiva mekundu. Miezi yote hiyo mgao wangu wa unga nilikula naye.

Kila chungu kilipoepuliwa, aliniambia nitoke.

"Wewe nanyonyesha, Adhel," alisema. "Kwetu mama ya mtoto mdogo hasimami kwa rangi ikipoa. Itakataa kushika."

Sisi Wadinka nasi tuna miiko yetu, kwa hiyo sikuuliza. Nilitoka na mwanangu, nikakaa juani kama mjinga.

Masista wa Lodwar walipotafuta mwalimu wa rangi, sote wawili tulipeleka vikapu. Kazi ile ingenitoa kambini, mimi na mtoto. Changu nilikitia rangi peke yangu; niliepua chungu na kukimbia mbali kama nilivyofundishwa. Sista akavitumbukiza vyote majini. Changu kikachuja, kikabaki kimepauka. Cha Akuwam hakikubadilika hata kidogo. Nililia, naye akanibembeleza, akasema huenda nilikaribia chungu bila kujua. Nikamtazama mwanangu kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

Baadaye nilipata ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali Lodwar, nikapitia kwa masista kumsalimu mwalimu wangu, aliyepewa kazi ile. Alikuwa uani na wanafunzi. Mmoja wao alikuwa ananyonyesha, ameinamia chungu kilichoepuliwa, kingali kinafuka mvuke. Akuwam alimwambia asogee aone vizuri, kisha akatia konzi ya magadi na kukoroga. Magadi sikuwahi kuyaona kwenye chungu chetu.

"Ejok," alinisalimu. Hakuona haya.

"Ulinidanganya kwa kumsingizia mtoto wangu," nilisema.

"Nyinyi napewa mahindi, mafuta, hata turubai," alijibu polepole. "Sisi tunapewa nini? Hii rangi ndio imebaki yetu."

"Basi ungekataa kunifundisha."

"Ningekataa, ningekula kwa nani?"

Mtoto alikuwa amemtambua, akamnyooshea mikono abebwe. Nilimfunga mgongoni nikaondoka, naye akimlilia Akuwam njia nzima.