Miti ya Mpangaji

Mama Pacha alikuwa ameinama katika tuta la sita, panga mkononi, akikata matawi ya miti ya mbolea na kufukia majani yake kwenye mashina ya mahindi. Kazi hiyo hujulikana kwa mgongo, si kwa macho. Ukikata juu mno, mti unayanyima mahindi jua. Ukikata chini mno, unakufa. Yeye alikata usawa wa goti, chwa, chwa, bila kupima.

Misimu minne iliyopita shamba hili lilikuwa limechoka kama punda wa kukodi. Sasa mahindi yalimpita kiunoni, na wanawe mapacha walikuwa wamekula mwaka mzima bila nyumba yao kuomba unga kwa jirani.

"Naona umenifugia msitu," sauti ilisema nyuma yake.

Alikuwa Mzee wa Mashine, mwenye mashine ya kusaga na mwenye shamba hilo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hii miti ing'oe. Ikifika Jumamosi nisiione."

"Mzee, ndiyo inayolisha udongo. Bwana Shamba mwenyewe ndiye aliyenipa mbegu."

"Bwana Shamba ana shamba?" Mzee alicheka peke yake. "Sikiliza, mama. Mahindi yana msimu, mti una mizizi. Mpangaji akipanda mahindi, anavuna, anakwenda zake. Akipanda mti, kesho wanawe watasema huu ni mti wa mama yetu, na ulipo mti ndipo ulipo mpaka wetu. Mimi si mtoto. Ing'oe, au uondoke wewe."

Mama Pacha alinawa miguu mtaroni akaenda ofisini kwa Bwana Shamba. Alimkuta amevaa shati lililopigwa pasi hata mikono, anabandika picha ukutani. Picha tatu kati ya tano zilikuwa za matuta yake.

"Afadhali umekuja! Wageni wa mradi wanafika saa nane. Vaa vizuri, ucheke."

"Nitacheka na nini, baba? Nimeambiwa ning'oe miti."

Bwana Shamba alishusha gundi. "Nani kasema? Aa, yule mzee! Niachie mimi. Nitamweleza mbele ya wageni. Mbele ya wageni mtu hakatai kitu."

Maneno hayo yalimtosha. Alirudi, akafagia njia ya shambani kama mtu anayepokea wakwe.

Saa tisa na robo magari mawili yalifika. Wageni walipita kwenye matuta, wakafukua udongo kwa vidole, wakanusa, wakasifu. Mama wa makamo mwenye kofia pana aliuliza maswali, na Mama Pacha akamjibu yote: lini unapanda, lini unakata, kwa nini majani yafukiwe siku hiyohiyo kabla hayajanyauka. Kisha yule mama akafungua fomu.

"Jina la mkulima?"

Mama Pacha alifungua kinywa. Bwana Shamba akamwahi.

"Samahani, Mama Pacha, hapo wanataka mwenye hati ya ardhi. Fomu haina nafasi ya mpangaji." Akageuka upande wa barabara, akapunga mkono. "Mzee! Mzee wa Mashine! Hebu sogea."

Mzee alisogea polepole, akidhani ameshtakiwa. Wageni walipomalizana naye alikuwa amepigwa picha sita, amepewa toroli jipya, na kibao cha bati kimesimikwa pembeni mwa shamba: SHAMBA LA MFANO, na chini yake majina yake matatu, rangi bado mbichi. Bwana Shamba alipanda gari la wageni. Hakutazama nyuma.

Vumbi lilipotulia, Mzee alikohoa.

"Basi miti ising'olewe."

Mama Pacha alishusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu asubuhi. "Ahsante, Mzee. Mungu akuzidishie."

"Ising'olewe kabisa. Ila wamesema shamba la mfano lilimwe na mwenyewe. Wewe vuna mahindi yako, halafu utafute kwingine. Sina ugomvi na wewe."

Hakuwa na ugomvi kweli. Aliyasema kwa upole, kama mtu anayekukumbusha kufunga mlango. Mama Pacha alitazama matuta yote kumi na nane, moja baada ya jingine, na hakulia.

Mzee alishika tawi moja, akaligeuzageuza. "Kabla hujaenda, nionyeshe. Huwa unaikatia wapi? Nimeambiwa ikikosewa inakufa."

Mama Pacha alifuta panga kwa majani, akajifunga mtandio upya.

"Tulikodishana ardhi, Mzee," alisema. "Hilo halikuwamo."

Akamwacha pale, akaenda kuwapikia wanawe.