Godoro la Wifi

...vuta, shikilia, toa, nesi Veronika anamhesabia Lusungu wangu, na kifua cha mwanangu hakipigi tena filimbi, kimetulia, asante Mungu, nami kwenye benchi hili la hospitali nataka kucheka na kulia kwa pamoja, pumu, anasema nesi, pumu ya mzio, mwili unakataa vumbi na ukungu, "Mama, huwa inambana akilala wapi?" kwa shangazi yake, namjibu, kijijini Suma, daima huko, kwetu analala mzima, kule anaamka kifua kinakoroma, na nilijifanya najua sababu, nikamfuata wifi Tusajigwe mpaka mlangoni kwake nikamwambia usoni, unamla mwanangu, naye akajifunga kanga vizuri, akaingia ndani... "Analalia nini huko?" godoro, nesi, la majani makavu ya migomba, wifi hulijaza upya kila akisikia Lusungu anakuja, anayaanika, anayapasua, anayashindilia, mgeni wake alale pema, na mvua zetu hizi za Rungwe, nini kitakauka, ukungu mtupu, heshima yote ile ndiyo ilikuwa inamkaba mtoto... alalie godoro la sponji, anasema nesi, lifunikwe vizuri, asikae jikoni kwenye moshi, na hii dawa ya kuvuta ya kila siku asiiache hata akiwa mzima, sawa, sponji siku hizi zimejaa madukani Tukuyu tangu serikali ifungulie biashara, nasikia nesi, lakini macho yangu yako mwisho wa benchi, kwa wifi, tope mpaka magotini, maana mimi nilikuwa msibani Kinyala, mume wangu akamwachia mtoto kwa siri, alfajiri kifua kikambana, na huyu niliyemwita mchawi akambeba mgongoni kwa miguu kutoka Suma, angeweza kusema, akifia mikononi mwangu watanifanyaje, angeweza kumwacha, hakumwacha, hakuogopa, wala si mchawi, jamani, si mchawi, nina wifi tu kama watu wengine, mzigo gani huu umenitoka, miaka miwili sijalala usingizi wa kueleweka... "Wifi, mwana anapumua?" ananong'ona, hathubutu kusogea, ndaga, asante, nataka kusema, anapumua, ni wewe uliyemwokoa, nisamehe, maneno yote yako tayari, na yeye hajui, bado ananitazama kama mtu anayesubiri kupigwa.