Mwalo Usio na Watu

Antoni alikwenda Ubelgiji kwenye semina ya wenye hoteli, wiki moja tu, akarudi Mwanza bingwa wa sanaa. Begini alikuwa na nakala ya picha ya kale ya wachoraji wa Kiflemi wa huko: mto, mashua, ng'ombe wakinywa maji, watu wadogo wadogo wamejaa ukingoni wakipakua samaki na kugombana. Akamwita Odeta, mchoraji wa Kirumba, amchoree ya namna hiyo kwenye ukuta wa mapokezi ya hoteli yake mpya, ila liwe ziwa letu.

Odeta akachora Mwaloni yote, ule mwalo wa Kirumba wavuvi wanakoshushia samaki: mitumbwi, wavuvi, wabeba mizigo, akina mama wakianika dagaa. Antoni alipokuja kukagua alikunja pua utadhani ukuta unanuka.

"Hawa wa dagaa toa."

"Bosi, hata hao wa Ubelgiji wanauza samaki."

"Hao ni Wazungu. Toa."

Wakatoka wa dagaa, wakafuata wabeba mizigo, kisha wavuvi, eti vifua wazi. Ikabaki mitumbwi imevutwa mchangani na maji yametulia. Antoni akasema sasa hiyo ndiyo sanaa. Nyani haoni kundule: alisomeshwa kwa dagaa hao hao. Na alichokitamani siku ya ufunguzi kilikuwa kimoja, mama yake, Evelina, amsifu mbele ya waheshimiwa.

Siku ikafika, pazia likavutwa. Waheshimiwa wakapiga makofi. Evelina na wenzake wa Mwaloni hawakupiga. Walivua viatu, wakajifunga kanga viunoni, wakaketi chini kwenye vile vigae vya kung'aa, miguu wameinyoosha.

"Mama, inuka! Watu wanatazama!"

"Nani kazama?" Evelina aliuliza.

Kwao, mtu akizama, havui mtu wala haaniki mtu mpaka mwili upatikane; akina mama huketi chini ufukoni wakingoja. Mwalo mtupu mchana kweupe una maana moja tu, na kila mtoto wa ziwa anaijua. Antoni naye aliijua, kabla ya semina.

"Hakuna aliyezama, mama. Ni urembo tu."

Evelina aliutazama ukuta, machozi yakimtoka mbele ya waheshimiwa wote.

"Baba yako tulimngoja hivi hivi, wewe ukiwa mgongoni kwangu. Leo umeichora siku ile ukutani, halafu umeniita nije nipige makofi."