Ukuta Wenye Pua

...na hata wakisema sogeeni, sogeeni mezani jamani, tunyamaze, mtoto wetu msanifu atuoneshe maktaba mpya, bibi hasogei ng'o, anaona kutoka hapa hapa, kijumba cha karatasi ngumu, vioo vitupu kama kabati la vyombo vya wageni, na ubavuni ule ukuta wa kale aliojenga marehemu mumewe, umepakwa kijivu, kijivu cha nini tena... "Ukuta wa babu sijaubomoa," anasema mjukuu, kifua mbele, "nitaupiga saruji nje na ndani, uwe imara," na watu makofi, pwa pwa pwa, makofi ya nini, saruji juu ya chokaa, mtoto huyu aliyemkojolea mgongoni leo anataka kuuziba ukuta pua, wahenga walisema tuzibe ufa, hawakusema pua... marehemu alikuwa akiroweka chokaa shimoni miezi mitatu, mikono imembabuka, anasema, mke wangu, ukuta huu unapumua, unakunywa mvua na kuitema, uupake saruji uone, utaoza kwa ndani kama jino, na shule ya zamani je, si waliipaka, si marehemu alijua, akanyamaza, nani abishane na mhandisi mwenye kalamu tatu mfukoni, masika ya pili ukuta ukalala juu ya mguu wa mlinzi, yule pale safu ya mbele, mkongojo katikati ya magoti, naye anapiga makofi, mjinga we... na marehemu hadi anakata roho, ningesema, mke wangu, ningesema... "Bibi, mbona umenuna? Mumeo nimekosa nini?" mjukuu anamtania, ukumbi unacheka, naye alikuja kununa tu, anune, arudi kwake, asimwaibishe mtoto wa mwanawe mbele za watu, lakini mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwao ndio hawa, na watoto watakaosoma chini ya ukuta huo ni wa nani... "Wanaokubali, mikono juu," mwenyekiti anasema, mikono inapanda, wa mlinzi pia, mjukuu anamkodolea yeye macho, anangoja, na mkono wa bibi haupandi, umelala pale pale pajani, ila koo, koo ndilo linalojisafisha lenyewe... marehemu alipozikwa mwana mkubwa alirithi nyumba, mjukuu huyu akarithi timazi la kunyooshea kuta, kalitundika ofisini kama pambo, na yeye bibi, aliyedhani miaka yote hii hakuachiwa kitu, kumbe alirithi lile neno ambalo mumewe hakulisema.